Swichi za Pikipiki na Nyaya Zake



Umekwisha kujua kusoma na kuandika. Sasa tuitumie elimu hiyo katika kazi. Somo la leo ni juu ya pikipiki. Tutajifunza nyaya za swichi ya funguo na nyaya za swichi zilizo kwenye usukani. Nyaya hizi ni nyembamba. Lakini zikikatika zinaweza kukuacha gizani katikati ya mlima. Na zikitengenezwa vibaya zinaweza kukuvunja mguu.

Kaa na daftari lako na kalamu. Katika kazi hii, kalamu ni chombo cha fundi kama spana.

1. Pikipiki katika maisha yetu

Mlali iko chini ya milima ya Uluguru, katika wilaya ya Mvomero. Ukitoka Morogoro mjini kwa barabara ya Iringa, unakata kona pale Sangasanga, unapita Mzumbe, kisha unafika Mlali. Kutoka Mlali njia inapanda kwenda Mgeta. Huko juu wakulima hulima kabichi, karoti, njegere, maharage na viazi mviringo. Mazao hayo lazima yashuke kwenda sokoni.

Zamani pikipiki kijijini ilikuwa ya bwana shamba au ya bwana afya. Siku hizi pikipiki ni ya watu wengi. Inabeba gunia la kabichi. Inabeba mwalimu. Usiku inabeba mama mjamzito kwenda kituo cha afya. Kwa hiyo pikipiki ikizimika, si dereva peke yake anayeumia.

Njia za milimani huchosha nyaya. Kiangazi kuna vumbi. Masika kuna matope. Mashimo huitikisa pikipiki saa zote. Tena njia ina kona nyingi, na kila kona dereva hukata usukani. Usukani ukikatwa, nyaya hujikunja pale shingoni. Zikijikunja mara elfu na elfu, mpira wake huchubuka. Shaba iliyo ndani hubaki wazi. Matatizo huanzia hapo.

2. Mfano wa dereva mmoja

Tuchukue mfano wa dereva mmoja kijana. Kila siku alishusha kabichi kutoka milimani. Siku moja, jioni, alikata kona ya kushoto. Injini ikazimika. Akanyoosha usukani, akapiga kiki, ikawaka. Kona nyingine ya kushoto, ikazimika tena.

Alinunua plagi mpya. Haikusaidia. Alisafisha kabureta. Haikusaidia. Mwisho rafiki yake alimwambia, "Kuna waya unaoleta shida. Tuukate tu." Wakaukata waya mmoja karibu na kiboksi cha cheche. Kweli, injini haikuzimika tena kwenye kona. Dereva alifurahi.

Lakini tangu siku ile ufunguo haukuzima injini. Kitufe cha kuzima nacho hakikufanya kazi. Akitaka kuzima, aliingiza gia na kubana breki mpaka injini ife. Alizoea hivyo kwa majuma mawili.

Siku ya masika pikipiki iliteleza ikamlalia mguu. Mshikio wa mafuta ulikwama kwenye tope. Injini ilinguruma na gurudumu la nyuma likazunguka kwa nguvu. Alibonyeza kitufe cha kuzima. Haikuzimika. Alifikia ufunguo, akauzungusha. Haikuzimika. Bomba la moshi lilimuunguza mguu mpaka watu walipokuja kuinyanyua pikipiki.

Alipopata nafuu alikwenda kwa fundi mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana wangu. Nani aliukata waya huu?"

"Mimi na mwenzangu, mzee. Injini ilikuwa inazimika kwenye kona."

"Ulichubuka mahali pamoja tu, pale shingoni," fundi alisema. "Ulihitaji waya wenye urefu wa kiganja. Ninyi mmeondoa breki ya injini."

Wahenga walisema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Sasa tujifunze kuuziba ufa.

3. Umeme unapita wapi?

Umeme ni kama maji ya mfereji. Lazima uwe na njia ya kwenda na njia ya kurudi. Njia ikikatika mahali popote, umeme hausogei.

Katika pikipiki, betri ina ncha mbili. Ncha ya kwanza ina alama ya kujumlisha (+). Ncha ya pili ina alama ya kutoa (−). Umeme hutoka kwenye ncha ya kujumlisha, hupita kwenye fyuzi, hupita kwenye swichi, hufika kwenye taa au honi. Kisha hurudi kwenye ncha ya kutoa. Mara nyingi hurudi kwa kupitia chuma chenyewe cha pikipiki. Mafundi huiita njia hiyo ya kurudi *ardhi*.

Waya wenye umeme ukichubuka na kugusa chuma, umeme hukata njia ya mkato. Hiyo ndiyo *shoti*. Waya hupata moto. Fyuzi ikiwa nzuri, huungua yenyewe na kukata umeme. Fyuzi hufa ili pikipiki ipone.

Cheche ya plagi ina njia yake. Ndani ya injini kuna sumaku inayozunguka kando ya koili. Kuna kiboksi kidogo cheusi ambacho mafundi hukiita *sidiai*. Kiboksi hiki huamua wakati wa cheche. Kisha kuna koili nyingine ambayo huongeza nguvu ya umeme kuwa maelfu ya volti. Mwisho kuna plagi, ambayo hutoa cheche na kuwasha petroli.

4. Aina mbili za kuzima injini

Soma sehemu hii polepole. Irudie mara mbili. Mafundi wengi wapya hukosea hapa.

*Aina ya kwanza.* Kiboksi cha cheche hupata umeme kutoka kwenye koili ya sumaku, si kutoka kwenye betri. Injini huweza kuwaka hata betri ikiwa imekufa. Ili kuizima, swichi *huunganisha* waya wa kuzima na ardhi. Cheche hunyweshwa ardhini, na injini hufa. Pikipiki nyingi za njia mbaya ni za aina hii.

*Aina ya pili.* Kiboksi cha cheche hupata umeme kutoka kwenye betri. Ili kuizima, swichi *hutenganisha* njia ya umeme. Betri ikifa kabisa, cheche hukosekana.

Unaona tofauti? Katika aina ya kwanza, waya wa kuzima ukikatika, injini haizimiki. Ukigusa chuma, injini haiwaki. Katika aina ya pili, waya wa umeme ukikatika, injini hufa.

Pikipiki ya yule dereva ilikuwa ya aina ya kwanza. Waya wa kuzima ulichubuka shingoni. Usukani ulipokatwa kushoto, shaba iligusa chuma, na injini ikafa. Walipoukata waya, hakuna kilichoweza kugusa chuma tena. Lakini hata swichi haikuweza kuizima.

Onyo: Katika aina ya kwanza, usiuunganishe waya wa kuzima na ncha ya kujumlisha ya betri. Utaunguza kiboksi cha cheche.

5. Swichi zenyewe

Swichi ya funguo ya aina ya kwanza mara nyingi ina nyaya nne. Mbili ni za betri, na mbili ni za kuzima injini. Kazi yake ni hii:

Ufunguo ukiwa umezimwa:
– Nyaya mbili za betri zimetengana.
– Waya wa kuzima na waya wa ardhi zimeungana.

Ufunguo ukiwa umewashwa:
– Nyaya mbili za betri zimeungana.
– Waya wa kuzima na waya wa ardhi zimetengana.

Kwenye usukani, upande wa kushoto mara nyingi kuna swichi ya taa ya juu na ya chini, swichi ya indiketa, na kitufe cha honi. Upande wa kulia mara nyingi kuna swichi ya dharura ya kuzima injini. Kama pikipiki ina stata, kitufe chake huwa huko huko.

Taa kubwa ya pikipiki nyingine hupata umeme kutoka kwenye koili ya sumaku. Taa hiyo huwaka injini ikiwa inanguruma tu. Usidhani ni mbovu kwa sababu haiwaki injini ikiwa imezimwa.

6. Usiamini rangi peke yake

Nyaya zina rangi ili zitambulike. Lakini kila kiwanda kina utaratibu wake. Tazama waya wa ardhi:

Honda: rangi ya kijani.
Yamaha: rangi nyeusi.
Suzuki: nyeusi yenye mstari mweupe.
Kawasaki: nyeusi yenye mstari wa manjano.

Pikipiki nyingi zilizotengenezwa China kwa kufuata mfano wa Honda hutumia rangi za Honda. Sasa angalia hatari yake. Katika Honda, waya mweusi wenye mstari mweupe ndio waya wa kuzima injini. Katika Suzuki, waya wa rangi hiyo hiyo ni ardhi. Fundi aliyezoea moja anaweza kuharibu nyingine.

Tena pikipiki ya zamani imepita mikono mingi. Fundi wa kwanza aliunga waya mwekundu. Wa pili aliunga wa bluu kwa sababu ndio uliokuwapo. Kwa hiyo rangi ni dokezo tu. Thibitisha kwa kupima.

7. Tengeneza kipima chako

Kipima cha dukani ni kizuri. Kama huna, tengeneza cha kwako. Utahitaji mawe mawili ya tochi, balbu moja ya tochi, na vipande viwili vya waya.

Panga mawe yafuatane kama yanavyokaa ndani ya tochi. Funga balbu upande mmoja. Acha ncha mbili za waya wazi. Ncha mbili zikigusana, balbu huwaka. Zikitengana, huzima.

Sasa chomoa soketi ya swichi unayotaka kupima. Shika ncha moja ya kipima kwenye waya mmoja wa swichi. Shika ncha ya pili kwenye waya mwingine. Balbu ikiwaka, nyaya hizo zimeungana. Isipowaka, zimetengana.

Kwa njia hii unaweza hata kuitambua aina ya pikipiki. Ukikuta nyaya mbili za swichi ya funguo zinawasha balbu ufunguo ukiwa *umezimwa*, na balbu inazima ufunguo ukiwa *umewashwa*, hizo ni nyaya za kuzima injini. Pikipiki hiyo ni ya aina ya kwanza.

Kipima hiki ni cha swichi iliyochomolewa tu. Usikitumie kwenye nyaya zenye umeme wa betri.

8. Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

*Hatua ya kwanza: Andaa mahali.* Fanya kazi mchana, nje, mahali penye hewa. Funga koki ya petroli. Ngoja injini ipoe. Usivute sigara, wala usiweke koroboi au jiko karibu. Petroli na cheche havikai pamoja. Watu wa Morogoro tunalijua jambo hili kwa uchungu. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, lori la mafuta lilipinduka na kuwaka moto. Watu zaidi ya 100 walikufa.

*Hatua ya pili: Fungua betri.* Anza na ncha ya kutoa (−). Halafu ncha ya kujumlisha (+). Kwa nini? Ukianza na ya kujumlisha na spana ikagusa chuma, utapata shoti. Wakati wa kurudisha, anza na ya kujumlisha. Malizia na ya kutoa.

*Hatua ya tatu: Andika kabla ya kufungua.* Chora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika rangi ya waya. Kulia andika unakotoka na unakokwenda. Kwa mfano: "Kijani – kutoka swichi ya funguo kwenda chuma cha fremu." Kata vikaratasi, andika namba, uvifunge kwenye nyaya kwa tepu. Usitegemee kichwa. Kichwa husahau, daftari halisahau.

*Hatua ya nne: Fungua taa kubwa.* Soketi nyingi za swichi ziko nyuma ya taa hiyo. Unapochomoa soketi, shika soketi yenyewe. Usivute nyaya.

*Hatua ya tano: Tafuta palipochubuka.* Pitisha vidole juu ya nyaya polepole. Kagua sehemu nne: shingoni pa usukani, chini ya tanki la petroli, mahali zilipobanwa na vibanio, na karibu na bomba la moshi. Waya unaweza kuwa mzima kwa nje na shaba imekatika ndani. Ukiukunja, sehemu hiyo hulegea kama uzi. Shika kipima kwenye ncha zote mbili za waya uliochomolewa, kisha utikise. Balbu ikiwaka na kuzima, umepata ugonjwa.

*Hatua ya sita: Pima na safisha swichi.* Pima kila swichi kama tulivyojifunza. Ukiifungua swichi ya usukani, ifungue juu ya kitambaa cheupe. Ndani kuna springi ndogo na gololi ndogo. Zikiruka kwenye vumbi hutaziona tena. Kutu ya kijani iondoe kwa brashi au msasa laini. Paka grisi kidogo sana. Swichi iliyolegea au kuyeyuka, nunua nyingine. Ukinunua ya pikipiki ya aina nyingine, usifuate rangi. Pima kwanza nyaya zake zote, uandike, halafu ndipo uunge.

*Hatua ya saba: Weka waya mpya.* Tumia waya wa nyuzi nyingi, kwa sababu unakubali kukunjwa. Waya wa nyumba wenye uzi mmoja mgumu hukatika upesi. Unene uwe sawa na ule wa zamani, au zaidi kidogo. Usiweke kiungo pale shingoni panapojikunja. Weka waya mzima, viungo viwe mbali na hapo. Menya mpira, sokota shaba vizuri, kisha uchomelee kwa risasi au ubane kwa kibanio chake. Funika kila kiungo kwa tepu ya umeme au kwa mpira maalumu wa kufunika nyaya. Viungo visikae sambamba. Kimoja kiwe mbele, kingine nyuma, ili visigusane.

*Hatua ya nane: Panga njia ya nyaya.* Kata usukani mpaka mwisho wa kushoto, halafu mpaka mwisho wa kulia. Nyaya zisivutike. Zisibanwe. Ziache na ulegevu kidogo. Kisha zifunge, lakini usizikaze kama mzigo wa kuni.

*Hatua ya tisa: Rudisha na ujaribu.* Soma daftari lako, rudisha kila kitu mahali pake. Funga betri. Fuata orodha ya ukaguzi hapa chini.

9. Hesabu ya fyuzi

Watu wengine fyuzi ikiungua huweka karatasi ya sigara inayong'aa, au kipande cha waya. Wanasema wameponya. Kweli taa huwaka. Lakini shoti ikitokea tena, fyuzi haipo ya kufa. Nyaya ndizo zitakazoungua, nazo ziko chini ya tanki la petroli.

Fyuzi hupimwa kwa ampea. Kujua ampea, gawa wati kwa volti. Tuseme pikipiki ya volti 12 ina taa hizi:

Taa kubwa: wati 35
Taa ya nyuma: wati 5
Taa ya breki: wati 21
Indiketa mbili za upande mmoja: wati 20
Jumla: wati 81

81 ÷ 12 = 6.75. Kwa hiyo taa zote zikiwaka pamoja hutumia karibu ampea 7. Fyuzi ya ampea 10 inatosha.

Sasa tuseme mtu ameongeza taa mbili za mbele, kila moja wati 55. Hizo ni wati 110. Jumla mpya ni wati 191. 191 ÷ 12 ni karibu 16. Fyuzi ya ampea 10 itaungua. Je, dawa ni kuweka fyuzi ya ampea 20? Hapana. Nyaya za kiwanda hazikuwekwa kwa ajili ya mzigo huo. Swichi itayeyuka. Betri nayo itachoka, kwa sababu sumaku ya pikipiki ndogo haiwezi kurudisha umeme wote huo. Ondoa taa za ziada, au weka zenye wati chache.

Weka fyuzi yenye namba iliyoandikwa na kiwanda. Ikiungua tena, usiibadilishe mara ya tatu. Tafuta shoti.

Kumbuka pia: pikipiki nyingine za zamani zina betri ya volti 6. Balbu ya volti 12 humo itawaka hafifu. Na balbu ya volti 6 ukiiweka kwenye pikipiki ya volti 12, itaungua mara moja.

10. Ukaguzi kabla ya safari

Kila asubuhi, kabla hujapanda mlima, fanya ukaguzi huu. Hauchukui hata dakika tano.

(a) Washa injini. Kata usukani kushoto na kulia mpaka mwisho. Injini isibadilishe mlio.
(b) Zima kwa swichi ya dharura. Injini ife.
(c) Washa tena. Zima kwa ufunguo. Injini ife.
(d) Jaribu taa ya juu, taa ya chini, indiketa zote, honi na taa ya breki.

Kama (b) au (c) imeshindikana, usiondoke. Pikipiki isiyozimika ni sawa na pikipiki isiyo na breki.

Abiria hana njia ya kukagua nyaya zako. Anapanda kwa kukuamini. Mama anayebebwa usiku kwenda kujifungua hajui kama ulikata waya au uliuunga. Wewe ndiye unayejua.

Maneno ya kukumbuka

*Ardhi* – njia ya umeme kurudi kwenye betri kwa kupitia chuma cha pikipiki.
*Fyuzi* – kifaa kinachoungua ili kukata umeme ukizidi.
*Shoti* – umeme kupita njia ya mkato.
*Sidiai* – kiboksi kinachoamua wakati wa cheche.
*Soketi* – kifaa cha kuchomekea nyaya.

Maswali

1. Kwa nini nyaya huchubuka zaidi pale shingoni pa usukani?
2. Kwa nini injini ya yule dereva ilizimika kwenye kona za kushoto tu?
3. Wakati wa kufungua betri, utaanza na ncha ipi? Eleza sababu.
4. Waya mweusi wenye mstari mweupe una kazi gani katika Honda? Na katika Suzuki?
5. Pikipiki ya volti 6 ina taa za wati 54 kwa jumla. Je, zinatumia ampea ngapi?

Jadilianeni darasani

Rafiki wa yule dereva alitaka kusaidia. Kosa lake lilikuwa nini? Je, katika kijiji chenu kuna mambo mengine ambayo watu "huponya" kwa kuondoa kinga? Mfanye nini?

Kazi ya nyumbani

Nenda kwa mtu mwenye pikipiki. Mwombe ruhusa. Chora usukani wake katika daftari, kushoto na kulia. Andika jina la kila swichi na kazi yake. Kisha fanyeni pamoja ukaguzi wa (a) mpaka (d). Andika mlichokiona. Katika kipindi kijacho kila mmoja atawasomea wenzake.